Protini za damu zinatusaidiaje kutambua malaria kali?

Swali
Ndugu wataalamu, naomba mnieleweshe. Mtoto mmoja huletwa akiwa amepoteza fahamu na slaidi yake ina vimelea vichache tu, ilhali mwingine mwenye vimelea tele ameketi na ananyonya vizuri. Je, ipo protini ya damu inayoweza kueleza ukali wa ugonjwa kuliko hadubini?

Jibu la mtaalamu wa maabara
Ipo, nayo ni HRP2, protini inayotengenezwa na kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum. Slaidi huonyesha tu vimelea vinavyozunguka na damu, lakini Plasmodium falciparum anapokomaa, seli nyekundu aliyomo hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo na viungo vingine, hivyo tone la damu ya kidole halimfichui. HRP2 humwagika kwa wingi kwenye plazma (sehemu ya majimaji ya damu) seli hiyo inapopasuka, na kwa sababu hiyo kiwango chake hukadiria jumla ya vimelea, pamoja na vile vilivyojificha. Vipimo vingi vya haraka hunasa protini hiyo hiyo, lakini hujibu ndiyo au hapana tu, na huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya matibabu. Hapa tunahitaji kujua kiasi.

Jibu la daktari wa watoto
Nakubaliana, na jambo hili ni zito. Katika uchunguzi wa maiti uliofanyika Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2004, watoto 7 kati ya 31 waliokidhi vigezo vya malaria ya ubongo walikutwa wamefariki kwa sababu nyingine. HRP2 ikiwa chini kwa mtoto mahututi mwenye vimelea, hunilazimu kutafuta homa ya uti wa mgongo, nimonia au bakteria katika damu. Protini nyingine ya damu, angiopoietini-2, inayotolewa na utando wa ndani wa mishipa unapochokozwa, huashiria hatari ya kifo. Ila hupanda pia katika maambukizi makali ya bakteria, kwa hiyo hupima ukali, si chanzo.

Mwuliza swali
Asanteni sana. Je, matibabu yasubiri majibu hayo?

Jibu la daktari wa watoto
Hasha. Vipo hata vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, vilivyothibitishwa Peru na Eritrea, ambavyo kipimo hiki hakivioni. Mtoto apewe mara moja sindano ya artesuneti, dawa ya malaria, sukari yake ipimwe, na iwapo maambukizi ya bakteria hayajaondolewa shaka, aanzishiwe pia antibiotiki.