Toleo jipya la APK linagoma kusakinishwa juu ya la zamani

Wakuu, programu yetu ya kupokelea asali Sikonge tunaisambaza kwa APK (faili la kusakinisha programu ya Android), haipo Play Store. Toleo jipya limejengwa kwenye kompyuta nyingine, simu zinaleta INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE. Rekodi za mizani zimo ndani ya simu, sitaki zifutike.

Jibu: Sahihi za kidijitali za APK hizo mbili hazilingani, mkuu. Bila shaka mlisainia debug.keystore (faili lenye ufunguo wa majaribio wa kusainia), na kila kompyuta hujitengenezea yake ndani ya folda ya .android. Hakikisha kwa APK zote mbili:
apksigner verify --print-certs asali.apk
SHA-256 (alama za utambulisho wa cheti) zikitofautiana, nakili debug.keystore kutoka kompyuta ya kwanza (nenosiri: android), saini upya toleo jipya. Rekodi zitabaki.

Muuliza: Ile kompyuta imeshapigwa fomati.

Jibu: Basi ufunguo umekwenda. Msiondoe programu kwenye simu yoyote kabla rekodi hazijatumwa kwenye seva! Kisha tengeneza ufunguo wenu:
keytool -genkeypair -keystore asali.jks -alias asali -keyalg RSA -keysize 2048 -validity 10000

Jibu: Naongezea: zipalign (kupanga data ndani ya APK) kwanza, apksigner (kusaini) baadaye, ukigeuza, sahihi inaharibika. Na asali.jks iwe na nakala mbili, moja nje ya ofisi.