Kusoma Classics chuo, mtu anaishia wapi?

Msomaji_Mpya: Habari zenu wakuu. Nimepata nafasi ya kusoma Classics, yaani Kilatini, Kigiriki cha kale, historia na falsafa ya Roma na Ugiriki, na kiukweli naipenda sana ila kila nikimwambia mtu ananiuliza "sasa hapo unataka upadri au?" Alafu shuleni sijawahi kusoma Kilatini hata kidogo. Mliosoma mko wapi saa hizi?

Kibatari: Kilatini kisikutishe, vyuo vingi wanakuanzisha sifuri, hata Oxford na Cambridge wana njia ya wasiojua hizo lugha. Ila jiandae bana. Sentensi moja ya Cicero, yule wakili na mwandishi wa Roma ya kale, inakula nusu ukurasa, kitenzi kakisukuma huko mwishoni, we unabaki kukagua mwisho wa kila neno hili linaenda na lipi, nani kamtenda nani, ukiteleza herufi moja mshtaki anageuka mshtakiwa 😂 Mi baadaye niliongeza sheria, na nikishika mkataba ndo kazi ileile.

fundi_data: Kwenye kompyuta pia wapo. Tony Hoare aliyebuni quicksort, ile njia ya kupanga data wanayofundishwa wanafunzi wa kompyuta kila mahali, digrii yake ya Oxford 1956 ilikuwa Classics na 1980 akapewa Turing Award, tuzo kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta. Charles Geschke, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya programu Adobe, naye alianza na Classics. Ila tusidanganyane, Geschke aliongeza masters ya hesabu, alafu PhD ya kompyuta.

Bi Makavazi: Kama ndoto yako ni kufundisha chuo fikiria mara mbili mwanangu, nafasi chache, PhD ndefu, na watakutaka usome Kijerumani na Kifaransa maana tafiti kibao ziko huko. Makumbusho nako foleni. Lakini angalia zile hati za Herculaneum, mji wa Waroma, zilizoungua volkano Vesuvius ilipolipuka mwaka 79, sasa wanazisoma kwa skani na AI bila kuzifungua, 2023 mwanafunzi wa kompyuta ndo alitoa neno zima la kwanza. Haya, herufi zikishatoka, nani anazielewa? Si nyie wa Kigiriki.

Msomaji_Mpya: Asanteni sana, Bi Makavazi hapo umenimaliza. @fundi_data kwahiyo nikichukua programming pembeni inafaa?

fundi_data: Chukua, tena mapema. Ila kabla hujathibitisha nafasi waulize kama somo la idara nyingine linahesabika kwenye digrii, kuna vyuo wanakuruhusu usome alafu kwenye matokeo halimo.