Mjadala: Je, akina Curie walikosea kuikataa hataza ya radiamu?

Ndugu wachangiaji, mwenzetu aliyetangulia anadai kwamba wanasayansi Marie na Pierre Curie walikosea walipochapisha njia yao ya kutenga radiamu, metali adimu yenye mionzi, bila kuiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, kwa kuwa wenye viwanda walitajirika nayo, ilhali mwaka 1921 Marie, akiwa mjane, alilazimika kuvuka bahari hadi Marekani kupokea gramu moja tu, iliyonunuliwa kwa dola 100,000 zilizochangwa na wanawake wa huko. Uchungu ulio ndani ya hoja hiyo nauelewa, lakini hoja yenyewe siikubali.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Akina Curie walipoitangaza radiamu Desemba 1898, hakuna aliyekuwa ameishika mkononi. Ili aipate, Marie alichemsha makapi ya mawe ya urani, yaliyoletwa kwa tani kutoka Joachimsthal huko Austria, ndani ya banda bovu mjini Paris ambalo paa lake la vioo lilivuja mvua, akikoroga chungu kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake. Kufikia mwaka 1902 alikuwa amepata kloridi ya radiamu, yaani chumvi yake, isiyozidi sehemu moja ya kumi ya gramu. Usiku yeye na mumewe walirudi bandani kutazama vichupa vikimulika gizani.

Tani za mawe kwa chembe ya chumvi: huo ndio uliokuwa mzizi wa ughali, wala si siri ya mapishi. Ushahidi ulikuja mwaka 1922, radiamu ya Katanga, jimbo la Kongo iliyokuwa koloni la Ubelgiji, ilipoingia sokoni. Mawe ya Shinkolobwe, mgodi wa huko uliogunduliwa mwaka 1915, yalikuwa na urani nyingi kiasi kwamba bei ilishuka hadi karibu dola 70,000 kwa gramu, na viwanda vya Marekani vilivyotegemea mawe hafifu ya Colorado vikashindwa kuhimili ushindani. Njia ya kutenga ilikuwa wazi tangu awali. Kilichobadilika ni jiwe. Kwa hiyo anayemtafuta aliyedhulumiwa asiishie Paris, bali afike pia Katanga, kwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili, ambao chini ya utawala wa kikoloni waliyaona mawe ya ardhi yao yakisafirishwa kwenda kusafishwa Olen, Ubelgiji.

Uwazi huo ulizaa matunda mapema. Huko Ujerumani Friedrich Giesel aliiboresha njia yao kwa kutumia chumvi ya bromidi badala ya kloridi na kuanza kuuza radiamu, na ni kwa bidhaa yake kwamba mwaka 1903, mjini London, William Ramsay na Frederick Soddy walithibitisha kuwa radiamu hutoa gesi ya heli, yaani elementi moja huzaa nyingine. Sioni ni kwa vipi kazi hiyo ingeharakishwa na ada ya hataza.

Ninalokubali ni kwamba akina Curie walitupwa mkono. Pierre aliililia maabara nzuri hadi alipogongwa na gari la farasi mwaka 1906, na Taasisi ya Radiamu ya Paris ilikamilika mwaka 1914. Deni hilo ni la Ufaransa, taifa lililojivunia Tuzo yao ya Nobel ya mwaka 1903 huku likiwaacha kwenye banda linalovuja. Mwenzetu akitaka kunipinga, basi anionyeshe hataza ambayo ingeyapunguza mawe yale hata kwa tani moja.