Ile -d ya mwisho kwenye vielezi vya Kilatini: ya kurithi au ya kubandika?

Mdau_wa_Maneno: Wakuu habarini. Kuna jambo linanisumbua siku nyingi. Kilatini bene (vizuri) wataalam wanakirudisha hadi *dwenēd, nyota ya mbele maana yake neno halijakutwa limeandikwa popote, limeundwa upya kwa kulinganisha lugha. Hiyo dwen- sina tabu nayo, kuna chombo cha udongo kilipatikana Roma mwaka 1880 kina neno duenos, ndo bonus (mwema) wa baadaye. Tabu yangu mkia -ēd (hicho kistari juu maana yake irabu ni ndefu). Wengi wanasema ni ablativu, yaani uhusika (umbo la jina) wa "kutoka". Sasa ablativu ya maneno ya aina hii ni -ōd, hii ē imetoka wapi? Mimi nasimamia kwamba asili ni uhusika wa "kwa" (kwa kisu, kwa nguvu), ulikuwa -ē tupu, d ikabandikwa baadaye kwa kuiga ablativu.

Kigogo77: Mkuu umesahau ile shaba ya mwaka 186 KK, amri ya Seneti ya Roma kubana ibada za Bacchus, mungu wa divai. Ndani yake kuna facilumed, "kwa urahisi kabisa", na humo humo kuna poplicod (hadharani) na preivatod (faraghani). Shaba moja, -ed kwenye kielezi na -od kwenye ablativu, d ipo kote kote. Isome kwa sauti, fachilumedi, utaisikia hiyo d.

Binti_Pwani: Ni FAKIlumed. Enzi hizo c ilikuwa k mbele ya kila irabu. Hiyo ch ni Kilatini cha kanisani, watu mmekariri misa halafu mnakuja kutufundisha historia.

Frateri_Mstaafu: Dada hapo umenigusa pabaya na sitanyamaza. Nimekaa seminari miaka 6, sikukariri misa, nimenyambua vitenzi vya Kilatini mpaka taa zinazimwa, na hiyo ch unayoidharau ndiyo iliyokiweka Kilatini midomoni mwa watu mpaka leo hii. Nani alikuwepo 186 KK akakurekodia hiyo k?

Binti_Pwani: Rekoda ya nini kaka, Wagiriki walimwandika Cicero, yule msemaji wa Roma, kwa kappa (k yao), Kikeron. Na wewe mwenyewe unasoma "mpeni Kaisari", mbona husemi Chaisari?

Frateri_Mstaafu: Kaisari imetufikia kwa Kigiriki, Kilatini hakihusiki hapo.

Binti_Pwani: Na Wagiriki walimtoa wapi Kaisari kama sio Roma???

Mdau_wa_Maneno: Jamani, mkia.

Ngosha_Mkweli: Mnagombania kivuli tu. Neno lenye nyota ni la kubuni, mtu amekaa maktaba akatunga lugha ambayo hata bibi yake hakuwahi kuisikia, halafu nyie mnatoana macho kwa ajili ya herufi moja.

Kigogo77: Kubuni? Haya chukua leo. Chichewa wanasema lero, Waganda leero, sisi leo. Njaa je? Chichewa njala. Hatuna maandishi ya lugha mama ya Kibantu hata mstari mmoja, ila mtoto mdogo anaona l au r ya katikati imedondoka kwetu na sio kwamba majirani wote walikaa kikao wakaichomeka.

Ngosha_Mkweli: Njaa nakubali, hata kwetu ni nzala. Lakini hiyo inawezekana kwa sababu majirani wapo hai tunawasikia. Kilatini jirani yake nani?

Kigogo77: Wapo, wamebaki kwenye maandishi. Wafaliski, hapo hapo kaskazini ya Roma, wameandika rected, "ipasavyo". Waoski wa kusini wana amprufid, "isivyo haki", ipo kwenye bamba la Bantia, mji wa kusini mwa Italia. Lugha tatu, d ileile kwenye kielezi. Kwa hiyo sio Warumi walioibandika.

Mdau_wa_Maneno: Sawa, basi ilibandikwa kabla hawajatengana. Lakini ē bado hujaigusa.

Kigogo77: Neno moja kuwa na o hapa na e pale ni kitu cha zamani mno kwenye lugha hizo mkuu. Bonus asili yake ni -os, ukimwita ni bone. Ablativu nayo inaweza kuwa na sura mbili, moja ikaenda kwenye vielezi.

Mdau_wa_Maneno: "Inaweza" hiyo sio ushahidi. Nionyeshe ablativu ya -ēd ya jina la kawaida, sio kielezi.

Binti_Pwani: Halafu mbona bene e yake ya mwisho ni fupi? Kama mkia ni -ēd ndefu ilitakiwa ibaki ndefu kama kwenye recte, ile rected kwa Kilatini.

Frateri_Mstaafu: Hilo najibu mimi mkariri misa. Bene na male (vibaya) silabi zote ni mbili tu na ya kwanza ni fupi, neno la umbo hilo ile ndefu ya mwisho hufupishwa. Recte silabi yake ya kwanza ni nzito, inafungwa na konsonanti, ndio maana ē ikasalimika. Tulichapwa ubaoni kwa hiyo kanuni, siwezi kuisahau.

Binti_Pwani: Hiyo nakupa kaka, na neno la misa nalifuta. Ila bado ni faki.