Mliokuwa na aibu mkaingia timu ya shule, ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Baba wa Kidato cha Pili
Wakuu, salaam. Nina binti yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Morogoro. Mwalimu wa michezo kamwona ana shabaha kwenye netiboli, kamweka GS, yule mfungaji wa chini ya goli, kwenye timu inayojiandaa na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya kata. Mazoezini wakiwa wenyewe anafunga hadi raha. Ila juzi walicheza mechi ya kirafiki na shule jirani, watu wamezunguka uwanja, kila akipata mpira anautoa haraka kama kashika kaa la moto. Yuko chini ya goli kabisa, anampa mwenzake aliye mbali.

Tafadhali msiniambie "mwambie ajiamini". Nimeshamwambia, kaitikia "sawa baba", mambo ni yale yale. Nawataka waliopitia. Wewe mwenyewe ulikuwa na aibu, ukaingia timu, kikatokea nini? Karibuni.

Kipa Mstaafu
Bwenini walikuwa wananiita Kimya. Golini nilipangwa kwa ajili ya urefu tu, wala sikuulizwa. Sasa kipa asiyeongea ni hasara kuliko hata kipa mfupi. Mabeki wamekupa mgongo, wewe peke yako ndiye unauona uwanja mzima, ukinyamaza mmekwisha.

Mwalimu wetu alikuwa wa Jiografia. Hakunisema mbele ya wenzangu. Aliniita pembeni, akasema hanihitaji niwe mwongeaji, anataka maneno matatu tu: Yangu, Toka, Mtu. Yangu, beki aniachie mpira. Toka, mabeki wapande juu. Mtu, kuna adui mgongoni kwako. Mazoezini akawa anasimama nyuma ya goli langu, mpira ukija nisipoita anapiga filimbi, shambulizi linaanza upya. Wenzangu wakichoka kurudia wananigeukia mimi. Ikabidi niite.

Mechi ya kwanza, kona ya kwanza, nikaita "Yangu!" Ndio nilikuwa nabalehe, sauti ikaanza nzito ikamalizia nyembamba. Uwanja mzima kicheko. Lakini beki wetu, jamaa wa kidato cha nne mwenye mwili, aliinamisha kichwa akaniachia, nikaudaka mpira kifuani. Akageuka akaniambia, "Endelea kuita hivyo hivyo." Wanaocheka wako nje ya chokaa, anayecheza ananihitaji nipige kelele. Hilo nililishika mpaka namaliza shule. Bwenini niliendelea kuwa Kimya, hakuna kilichobadilika huko.

Mzee wa Bukta
Mimi aibu iliisha siku bukta ilipopasuka mbele ya shule nzima, tunapiga penalti. Baada ya hapo nimwogope nani tena? 😂

Dada wa Tanga
Mzee wa Bukta umenichekesha, ila kwa wasichana hilo unalotania ndilo jambo lenyewe.

Baba, kabla hujahangaika na kujiamini, ulizia nguo. Mimi nilicheza kikapu. Nilikuwa na mbio, nina pasi nzuri, lakini kwenye mechi nilikuwa nakimbia nimebana viwiko, mkono mmoja unashusha bukta. Mwalimu akadhani naogopa mpira. Dada mmoja wa timu ndiye aliyeniuliza, tukiwa bombani tunanawa miguu, "Au hutaki miguu yako ionekane?" Nikalia pale pale. Kesho yake akaniletea suruali ya trakisuti, nikavaa chini ya bukta, na mtandio nikaufunga kwa nyuma ukabana. Sheria za kimataifa za kikapu wakati ule zilikuwa bado zinakataza kufunika kichwa, FIBA, shirikisho la kikapu duniani, walikuja kuruhusu 2017, lakini mashindano ya shule nani angetuuliza? Nikacheza.

Na kuna siku za mwezi. Msichana wa kidato cha pili akipewa bukta au sketi nyeupe, akili yote iko nyuma ya nguo yake, kufunga atafungaje? Hata timu ya taifa ya wanawake ya England iliacha bukta nyeupe mwaka 2023, wachezaji wenyewe walilalamika. Wale ni wakubwa wanalipwa. Mwambie mama yake azungumze naye, wewe baba kaa mbali kidogo hapo.

Baba wa Kidato cha Pili
Dada, hili sikuliwaza kabisa. Sketi zao ni za bluu lakini ni fupi kweli. Mama yake ataongea naye leo.

Mwalimu wa Zamu
Nafundisha michezo sekondari. Niseme upande wetu.

Kosa tunalofanya sana ni kumweka benchi mtoto mwenye aibu "mpaka azoee". Azoee nini akiwa amekaa? Benchi linamthibitishia alichokuwa anakiogopa. Kosa la pili ni wazazi kuja na kelele za "piga! piga!" kutoka pembeni. Baba samahani, sijui kama na wewe umo.

GS ana kazi ngumu kwa mwenye haya, maana wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, yeye na GA, mshambuliaji mwenzake. Hawezi kujificha. Ila sheria zenyewe zinamlinda. Anayemzuia lazima awe umbali wa sentimita 90 kutoka mguu wake aliotua nao, na yeye ana sekunde 3 za kuushika mpira. Watoto wengi wanadhani sekunde 3 ni kufumba na kufumbua. Mimi huwafundisha kuzihesabu kwa mdomo: "moja" unatua, "mbili" unaangalia pete, halafu unapiga. Kutamka kunawashughulisha, macho yanabaki kwenye pete badala ya kuzunguka kutafuta nani anamwangalia.

Kingine, watazamaji nawaleta kidogo kidogo. Kwanza anafunga mbele ya wachezaji wenzake, halafu naita kidato cha kwanza wakae kwenye mstari wapige makofi, siku nyingine nawaambia wazomee. Watoto wanapenda sana kuambiwa wazomee. Akishazomewa na wadogo zake akafunga, mechi ya kata haimtishi.

Na kata ndiyo mahali pake pa kukosea. Nilikuwa Tabora 2022 mashindano ya taifa, nikaona mabinti wazuri kabisa wameganda uwanjani kwa sababu huko kwao walibebwa, hawakuwahi kuachwa wakosee mahali padogo.

Mkimbiaji wa 1500
Nikiwa kwenye kundi la mbio nilikuwa najificha katikati, hata pumzi ninayo. Niliogopa kuambiwa najidai. Kwetu ukitangulia mbele mapema unaitwa kiherehere, na mtu mwenye haya hilo neno linamuua.

Mwalimu akanisimulia habari za Filbert Bayi, Christchurch 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mita 1500, jamaa aliongoza tangu bunduki ilipolia mpaka utepe, rekodi ya dunia 3:32.2. Hakusubiri kona ya mwisho kama wenzake. Nikauliza, kwa hiyo hakuitwa kiherehere? Mwalimu akajibu, "Aliitwa bingwa." Nikaanza kutangulia. Tena mbele kuna faida, humwoni mtu yeyote.

Mkenya Mtulivu
Hamjambo huku. Mimi ni wa Kakamega, nilicheza voliboli. Kilichonisaidia ni kale kamchezo ka kukutana katikati kila pointi ikiisha. Mkishinda pointi mnagusana mikono, mkipoteza pia mnagusana. Mwanzoni nilikuwa naenda tu kwa sababu wote wameenda, naangalia chini. Lakini mchezo mzima unagusa watu mikono mara nyingi sana, mpaka unajikuta umeanza kuwaangalia usoni. Nilipokosea seva ya kwanza nilitaka kutoka uwanjani kabisa, kumbe wenzangu wananingojea pale kati wamenyoosha mikono. Hakuna aliyesema kitu.

Nilitoka Mapema
Mimi niseme ya upande mwingine, maana mnafanya ionekane timu ni dawa. Mimi timu iliniharibu. Nilikuwa na kigugumizi, wachezaji wenzangu wakanipa jina, mwalimu naye akalitumia siku ya kusoma majina ya kikosi. Wote wakaangua kicheko. Nilivua jezi nikaiweka kwenye mfuko, sikurudi. Mpira nilikuja kuupenda tena nikiwa na kazi yangu, Jumamosi na maveterani wa mtaani. Aibu bado ninayo, nacheza hivyo hivyo, na hakuna anayenidai niichangamshe timu. Baba, mchunguze mwalimu kwanza kabla ya mtoto.

Kipa Mstaafu
Pole sana kaka. Huyo mwalimu hakustahili hata filimbi.

Mzee wa Bukta
Pole mkuu. Hapo sina utani.

Baba wa Kidato cha Pili
Nimerudi. Mama yake kaongea naye jana usiku. Sketi inamkera kidogo, ila siyo kubwa, watamshonea bukta ya kubana ya ndani. Kubwa ni hili: nafasi ya GS mwaka jana ilikuwa ya dada mmoja wa kidato cha nne. Binti kapewa yeye, dada kahamishiwa benchi. Mechi ile ya kirafiki dada na marafiki zake walikuwa wamesimama nyuma ya goli. Kila akitaka kufunga anasikia "haya tuone, staa." Kumbe anayempa mpira kila mara siyo mwenzake yeyote, ni wale aliosoma nao msingi, ndio anaowaamini.

Mkimbiaji wa 1500
Si nilisema? Kiherehere.

Mwalimu wa Zamu
Sasa tuna cha kushika. Usiende kugombana na yule dada, naye kanyang'anywa mwaka wake wa mwisho, ana haki ya kuumia. Muulize mwalimu kama anaweza kumchezesha GA. Wakiwa wawili kwenye duara moja, kila mmoja anamhitaji mwenzake apate pasi. Na marafiki wa nyuma ya goli wahamishwe, hilo liko ndani ya uwezo wa mwalimu, asilione dogo.

Baba wa Kidato cha Pili
Nampigia leo jioni akitoka vipindi. Mechi ya kata ni Jumamosi saa kumi. Na kuhusu zile kelele za "piga! piga!", mwalimu, sitajibu hilo swali.