Nataka kuigawa programu yetu ya kusimamia seva iwe kiini na plagini (vipande vya kuchomekea) za kila mfumo. Mkato upite wapi?

Fundi_Nyakato

Habari za leo wakuu. Niko Nyakato, Mwanza. Natunza seva za wateja wa kando ya ziwa: mnunuzi wa samaki pale Kirumba, shule Sengerema, kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Magu, na zahanati kule Nansio, Ukerewe. Wote nawahudumia kwa programu moja tuliyoiandika wenyewe kwa Python, inakaa ndani ya kila seva. Inaongeza watumiaji, inasakinisha programu, inawasha na kuzima huduma, inachukua nakala rudufu saa nane usiku, na kukikucha naletewa taarifa.

Shida ni kwamba kila mteja ana mfumo wake. Kirumba ni Ubuntu. Magu walikuwa na CentOS 7, na msaada wake ulipokoma Juni 2024 tukawahamishia Rocky Linux. Sengerema ni Windows Server, kwa sababu programu yao ya ada haiendi kwingine. Nansio ni FreeBSD, aliyeiweka alitaka ZFS (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski), na imetulia vizuri sana kiasi kwamba sioni sababu ya kuibadilisha.

Sasa ndani ya msimbo kila kazi imejaa "kama ni Ubuntu fanya hivi, kama ni Windows fanya vile". Chukueni Apache (programu ya seva ya wavuti) peke yake: kwenye Ubuntu huduma inaitwa apache2, kwenye Rocky ni httpd, kwenye FreeBSD ni apache24. Kundi la wasimamizi ni sudo kwa Ubuntu, wheel kwa Rocky na FreeBSD, Administrators kwa Windows. Hata saa! Wengine wote naandika Africa/Dar_es_Salaam, Windows inadai "E. Africa Standard Time". Kijana ninayefanya naye kazi akigusa kitu cha Windows anaogopa asije akavuruga cha Magu, na hofu yake ni ya kweli, maana vyote viko faili moja. Halafu Nansio wanatumia intaneti ya simu, wanalipia bando. Kila toleo jipya linawapakulia msimbo wa Windows ambao hautatumika pale hata siku moja.

Nimeamua kugawa. Kiini kimoja, plagini za kila mfumo pembeni. Ninachoomba kwa wenye uzoefu: mkato unapita wapi hasa? Kwa mfumo (Ubuntu, Rocky, FreeBSD, Windows) au kwa kazi (watumiaji, huduma, nakala rudufu)? Na plagini zikae hifadhi moja ya msimbo au kila moja na yake?

Bwiru_Juu

Dada, pole na majukumu. Swali lako nimelifanyia kazi miaka mingi, nitajibu kwa urefu kidogo.

Kwanza tazama waliokutangulia. Terraform (chombo cha kuunda seva za wingu kwa msimbo) hadi 2017 ilibeba ndani yake msimbo wa kila mtoa huduma wa wingu. Toleo la 0.10 likavitoa nje: kila kimoja kikawa programu yake, na namba zake za matoleo, na Terraform ikawa inapakua kile kinachohitajika tu. Ansible (chombo cha kusimamia seva nyingi kwa pamoja) nayo ilibeba kila kitu hadi toleo la 2.9 la mwaka 2019. Mwaka uliofuata, kwenye 2.10, wakagawa: vitu vya Windows vikaenda ansible.windows, kundi kubwa la mchanganyiko likaenda community.general. Sababu kubwa kwa wote wawili ilikuwa ratiba. Mtu amerekebisha hitilafu ndogo ya mfumo mmoja, lakini watumiaji hawaipati mpaka chombo kizima kitoe toleo jipya. Ndiyo hali ya kijana wako.

Lakini angalia Ansible walichobakiza kwenye kiini: apt na dnf (za kusakinisha vifurushi), service, user, copy. Usimamizi wa vifurushi vya FreeBSD na ZFS ulienda community.general. Yaani hawakukata kwa jina la mfumo peke yake. Walikata kwa kuangalia nani anatunza kipande kipi na kinabadilika kwa kasi gani. Nawe uanzie hapo.

Kwa hali yako, kiini kibaki na orodha ya seva, ratiba, kumbukumbu, maneno ya siri na taarifa ya asubuhi. Basi. Jina la mfumo wowote lisionekane ndani ya kiini. Ni kipimo rahisi: tafuta neno "Ubuntu" kwenye folda ya kiini, na "wheel", na "httpd". Likipatikana hata moja, kazi haijaisha.

Kinachounganisha pande mbili ni mkataba, na hapa ndipo nakusihi utumie muda wako mwingi. Kiini kiseme kinachotakiwa, plagini ijue namna. Ukiagiza sangara wa kilo tano mwaloni, humwelekezi mvuvi kama atumie nyavu au ndoano. Kwa hiyo kiini hakisemi "mwingize huyu kwenye kundi la sudo". Kinasema "huyu awe msimamizi", na plagini ya Rocky inajua yenyewe kwamba hilo ni wheel. Hakisemi "washa apache2". Kinasema "seva ya wavuti iwe inafanya kazi, na iwake yenyewe umeme ukirudi". Kila plagini ijibu maswali machache tu: unaweza nini, hali ikoje sasa, ifanye iwe hivi, na umebadilisha nini.

Swali la kwanza, "unaweza nini", wengi hulipuuza. Chukua nakala rudufu. Nansio una ZFS, unapiga picha ya data kwa sekunde chache na kuituma nje kwa zfs send. Windows ina Volume Shadow Copy, nayo hupiga picha ya data. Ubuntu yako ya Kirumba, kama diski haiko kwenye LVM (mpango wa Linux wa kugawa diski) wala ZFS, pengine unanakili mafaili kwa rsync huku hifadhidata ikiendelea kuandikwa. Hizo si nakala za ubora mmoja! Ukilazimisha zote zijibu "tayari", taarifa yako ya asubuhi itakudanganya. Plagini iseme wazi: nakala hii ni ya wakati mmoja (data yote kama ilivyokuwa dakika ileile), au si ya wakati mmoja, au siwezi kabisa. Kwenye zahanati kuna kumbukumbu za wagonjwa. Mganga akitegemea nakala ambayo haikamiliki, anayeumia ni mgonjwa, kwa hiyo kwenye hili usikubali jibu la nusunusu.

Mtandao_Bukoba

Naunga mkono suala la mkataba kwa asilimia zote. Ila dada, usikimbilie hifadhi nne. Mko wawili. Kila plagini ikiwa na matoleo yake utajikuta unauliza: kiini 3.2 kinaelewana na plagini ya Windows 1.4 au 1.5? Terraform wenyewe ilibidi waongeze faili la kufungia matoleo, toleo la 0.14, mwaka 2020. Anza na hifadhi moja, folda tofauti, na kila folda itoe kifurushi chake. Namba ya toleo iwe moja kwa vyote hadi mkataba utulie. Siku ukipata mtu wa tatu anayeshughulika na Windows tu, hapo plagini hiyo ipe hifadhi yake.

Jambo lingine ni majina. Ansible walipogawa, maandishi ya watu yalikuwa na majina mafupi ya zamani, kwa hiyo wakaweka jedwali la kuelekeza jina la zamani kwenda jipya. Wewe pia uwe nalo. Faili zako za kazi za Magu ziendelee kusomeka zilivyo, zitoe onyo tu.

Na kuhusu bando la Nansio: usiwapakulishe kabisa. Kwenye mashine yako Mwanza fanya pip download (pip ndiyo inayopakua na kusakinisha vifurushi vya Python) ya kiini na plagini ya FreeBSD peke yake, weka kwenye flashi, mpe mtu anayevuka na meli. Kule wanasakinisha kwa pip install --no-index --find-links na njia ya folda. Intaneti haiguswi. Ila alama ya SHA-256 ya kila faili (namba inayobadilika faili likiguswa) itumwe kwa njia nyingine, hata kwa ujumbe wa simu, na ilinganishwe kabla ya kusakinisha. Flashi inapita mikono mingi.

Bwiru_Juu

Hapo kwenye hifadhi moja nakubaliana nawe kabisa.

Usalama_Ilemela

Naongezea jambo ambalo halijaguswa. Plagini yako itaendeshwa kwa mamlaka ya root (mtumiaji mkuu wa seva), na kwa Windows kama Administrator. Hiyo maana yake anayeweza kuingiza plagini ameimiliki seva. Python inakupa entry points (njia ya plagini kujitambulisha) kupitia importlib.metadata, kiini kinaona plagini zote zilizosakinishwa bila wewe kuzitaja. Ni rahisi na inavutia, lakini usikubali kiini kipakie kila kinachokiona. Kila seva iwe na orodha yake iliyoandikwa: Nansio ni plagini ya FreeBSD, mwisho. Nyingine ikionekana, kiini kisimame na kutoa taarifa.

Pia iendeshe plagini kama mchakato wa pembeni, kiini na plagini vipokezane JSON (data iliyoandikwa kama maandishi). Ikianguka, kiini kinabaki hai na kinaandika kilichotokea. Tena hapo unaweza kuipa neno la siri la kazi hiyo tu, badala ya kuiachia kabati zima.

Fundi_Nyakato

Asanteni sana, nimesoma kila mstari. Swali moja limebaki. Ubuntu na Rocky zinafanana sana, zote zina systemd ya kuwasha huduma, zote useradd ya kuongeza watumiaji. Nikitengeneza plagini mbili kamili nitaandika kitu kilekile mara mbili. Na je, nianze na upi? Mimi nafikiria Windows, ndiyo iliyo tofauti zaidi.

Bwiru_Juu

Ubuntu na Rocky: weka maktaba ndogo ya Linux yenye systemd na watumiaji, plagini zote mbili ziitumie. Kitakachobaki kwenye plagini yenyewe ni apt au dnf, ufw au firewalld (kuta za moto), na jedwali la majina. Ni nyembamba, na inatakiwa iwe nyembamba. FreeBSD usiiingize humo. Ina rc.conf ya huduma, pw ya watumiaji na pf ya ukuta wa moto, ukilazimisha undugu utarudi kwenye "kama ni hivi, kama ni vile".

Kuanza, usianze na mfumo mmoja. Mkataba ukiandikwa kwa kutazama Windows peke yake utachukua umbo la Windows. Andika Windows na Ubuntu kwa pamoja, halafu tumia FreeBSD kama mtihani: ikiingia bila kiini kuguswa, mkataba umekaa sawa. Na majaribio yawe seti moja kwa plagini zote. "Huyu awe msimamizi", iendeshe, uliza hali, iendeshe tena. Mara ya pili lazima ijibu kwamba haijabadilisha kitu.

Fundi_Nyakato

Nimekuelewa, hilo la mara ya pili sikuwa nalo kwenye mpango kabisa. Kijana atashika Windows, mimi nashika Ubuntu, na tutaandika mkataba tukiwa meza moja kabla ya mstari wowote wa msimbo. Rasimu yake nitaiweka hapa, naomba mwikosoe bila huruma, hasa sehemu ya nakala rudufu.

Mtandao_Bukoba

Iweke dada. Mimi nina mashine ya FreeBSD haina kazi kwa sasa, nitaiendeshea majaribio yako.