Mambo madogo ya kuzingatia ukiwa Italia

Swali: Ndugu zangu, natarajia kusafiri kwa treni kati ya Roma na Florence. Ni mambo gani ambayo mgeni akiyapuuza humgharimu?

Jibu la 1: Ukinunua tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, kwa sababu isiyo na muhuri huhesabiwa kuwa haijaanza kutumika, na mkaguzi anaweza kukutoza faini ingawa umeilipia. Mimi nilitozwa, na iliniuma sana.

Jibu la 2: Naunga mkono. Aidha, beba chupa, kwani mabomba ya chuma yaliyo mitaani Roma hutoa maji safi ya kunywa bila malipo.

Jibu la 3: Makanisani, funika mabega na magoti.